Upweke, kukosa watu na akili ya mzee: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kuishi peke yake, kukosa watu na kuwa mpweke ni kitu kimoja?

Hapana, na kuyachanganya ndiko kunakofanya familia nyingi zisilione tatizo. Kukosa watu ni jambo la kuhesabika: mzee anaonana na wangapi, anazungumza na nani, akipata shida saa nane za usiku anamwita nani. Upweke ni hisia yake mwenyewe, kwamba watu alionao si wale anaowahitaji. Kuna bibi anayeishi peke yake kijijini, ana bustani yake ya mboga, yumo kwaya, na jirani humpitia kila asubuhi. Huyo hana upweke wala hajakosa watu. Na kuna mzee mjini, ndani ya nyumba ya watu tisa, ambaye hajazungumza na mtu dakika kumi mfululizo tangu Jumapili. Hali zote mbili zinahusishwa na kuzorota kwa kumbukumbu, kila moja kwa njia yake, kwa hiyo chunguza zote.

Kuna ushahidi gani kwamba jambo hili linagusa akili?

Upo wa miaka mingi. Kungsholmen, mtaa wa Stockholm nchini Uswidi, watafiti waliwafuatilia wazee 1,203 ambao mwanzoni hawakuwa na demensia, yaani ugonjwa wa usahaulifu. Matokeo yaliyotoka mwaka 2000 yalionyesha kwamba waliokuwa na watu wachache, au watu wasiowafaa, walikuwa na hatari ya kuugua iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 60. Chicago, mwaka 2007, utafiti wa wazee 823 uliona kwamba wapweke zaidi walikuwa na hatari ya ugonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya demensia, takriban mara mbili ya wale wasio wapweke. Jopo la jarida la kitabibu la Lancet lililotoa ripoti mwaka 2024 linakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya demensia duniani vinatokana na vihatarishi 14 vinavyoweza kurekebishwa. Kukosa watu uzeeni kunachangia asilimia 5. Kutosikia vizuri kunachangia 7, na kwa mzee hayo mawili mara nyingi hufuatana, kama tutakavyoeleza.

Kuna matokeo mengine ambayo familia zetu zingepaswa kuyatafakari. Utafiti wa watumishi wa serikali wa London, zaidi ya 10,000, ulitolewa mwaka 2019 baada ya kuwafuatilia kwa miaka 28. Waliokuwa wakionana na marafiki karibu kila siku walipofika miaka 60 walikuwa na hatari ndogo ya demensia kwa asilimia 12 kuliko waliokuwa wakiwaona mara moja kila baada ya miezi kadhaa. Kuonana na ndugu hakukuonyesha tofauti hiyo. Hii haina maana kwamba ndugu hawana kazi. Ina maana kwamba mwanao hawezi kuwa mwenzako wa rika, na mzee aliyebakiwa na wanawe tu amepungukiwa na kitu ambacho wanawe hawawezi kumpa.

Si kwamba ugonjwa ndio unaomfanya mtu ajitenge?

Ndiyo, hilo pia hutokea, na pande zote mbili ni za kweli. Demensia huanza kuharibu ubongo miaka mingi kabla ya mtu kupotea njia ya kwenda sokoni, na dalili mojawapo ya mapema ni kujiondoa: anaacha kikundi cha akina mama, hasimami tena kusoma risala, anakaa nyuma. Ndiyo maana tafiti nzuri hufuatilia watu kwa muda mrefu na kuwaondoa hesabuni waliougua miaka ya mwanzo.

Kwako wewe nyumbani, suala la kipi kilianza lisikucheleweshe. Mzee aliyeacha shughuli zake ndani ya mwaka mmoja anahitaji kuulizwa sababu, taratibu, faraghani. Mara nyingi kinachojibiwa ni “nimechoka tu”, na chini yake kuna jambo mahususi: hasikii imamu au padri anachosema, mkojo humponyoka, magoti hayapandi ngazi, amesahau majina ya watu akaaibika, au alikosea kuhesabu pesa za chama na watu wakacheka. Kila moja lina dawa yake.

Ubongo unaumiaje kwa kukosa mazungumzo?

Mazungumzo ni kazi ngumu kuliko tunavyodhani. Unasikiliza, unashika alichosema mwenzako, unatafuta neno, unapima uso wake, unajizuia usimkate kauli, unakumbuka mlipoishia. Sehemu nyingi za ubongo hufanya kazi kwa pamoja. Matumizi ya namna hiyo miaka nenda rudi hujenga akiba: ubongo ukianza kuharibika, mwenye akiba hupata njia ya kuzunguka palipoharibika, na dalili humchelewa.

Upande wa pili ni mwili. Upweke wa muda mrefu huweka mwili katika hali ya tahadhari: homoni za msongo hubaki juu, usingizi hukatikakatika, presha hupanda. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya, huathiriwa na msongo wa namna hiyo. Halafu kuna mambo ya kawaida kabisa. Mzee asiye na wa kula naye hunywa chai na mkate asubuhi, mchana na jioni. Hatembei. Hakuna anayegundua kwamba dawa za presha ziliisha wiki iliyopita. Mishipa ya damu ikiharibika, ubongo hupata hasara, na aina moja ya demensia hutokana hasa na mishipa hiyo.

Baba anaishi nasi, nyumba imejaa watu. Atakuwaje mpweke?

Hili ndilo swali tunalolipa uzito kuliko yote, kwa sababu Afrika Mashariki wazee wengi wanaishi na jamaa zao, na watu huamini kwamba hilo limemaliza kazi.

Itazame siku ya mzee huyo. Chai inaletwa chumbani kwenye sinia. Televisheni inawashwa, na inabaki imewashwa mpaka usiku. Watoto wametoka alfajiri kwa sababu ya foleni. Wajukuu wanarudi, wanamwamkia “shikamoo babu”, anaitikia “marahaba”, wanapita. Wao kwa wao wanazungumza Kiingereza cha shule au Sheng ambayo yeye haifuati. Dada wa kazi ameambiwa ahakikishe mzee anakula na anapumzika. Jioni kila mtu ana simu yake. Hesabu maneno aliyoambiwa kutwa: “Umekula?” “Umemeza dawa?” “Maji ya kuoga tayari.” “Lala basi.” Yote ni ya mwili. Hakuna aliyemuuliza anaonaje kuhusu jambo lolote.

Fanya jaribio hili kwa siku moja: hesabu sentensi anazoambiwa mzee ambazo hazihusu chakula, dawa, kuoga wala kulala. Zikiwa chini ya kumi, mzee wako amekosa watu ndani ya nyumba yako.

Heshima yetu nayo inachangia. “Mama pumzika, umefanya kazi ya kutosha” ni kauli ya upendo, lakini humnyang’anya mtu nafasi yake. Mrudishie kazi halisi, isiyo ya kumpumbaza: kuchambua mchele na maharage, kumenya vitunguu saumu, kusuka ukili, kukagua chenji ya sokoni, kumfundisha mjukuu kutoa nazi tui la kwanza na la pili. Na mrudishie sauti. Likija suala la posa, kiwanja, jina la mtoto au mipango ya matanga, aulizwe kabla halijaamuliwa. Kumpasha habari baadaye si kumshirikisha.

Nitapimaje kama mzee amekosa watu?

Kuna dodoso fupi la maswali sita linalotumika sehemu nyingi duniani, la Lubben. Matatu ya kwanza ni kuhusu ndugu: ni wangapi unaoonana au kuzungumza nao angalau mara moja kwa mwezi, ni wangapi unaoweza kuwaambia mambo yako ya siri, ni wangapi walio karibu nawe kiasi cha kuweza kuwaomba msaada. Matatu ya mwisho ni hayohayo, kuhusu marafiki. Kila jibu lina alama: hakuna 0, mmoja 1, wawili 2, watatu au wanne 3, watano hadi wanane 4, tisa na zaidi 5. Jumla ya juu ni 30. Chini ya 12 ni dalili ya hatari.

Angalia pia alama za ndugu na marafiki kila moja peke yake. Mzee mwenye 13 kwa ndugu na 0 kwa marafiki anavuka mstari kwa karatasi, lakini sisi tungemhesabu kuwa na pengo.

Kwa upweke uliza mambo matatu: ni mara ngapi unahisi huna mwenza wa kuwa naye; unahisi umeachwa nje; unahisi umetengwa na wengine. Nadra sana ni 1, wakati mwingine 2, mara nyingi 3. Jumla ya 6 au zaidi huhesabiwa kuwa upweke. Uliza mkiwa wawili tu. Mbele ya mkwe wake atakwambia yuko salama.

Kusahau kupi ni uzee, na kupi ni ugonjwa?

Kusahau jina la mtu kisha likamjia baadaye, au kuweka miwani mahali akaisaka, ni kawaida. Kinachotia shaka ni kuuliza swali lilelile mara ya nne ndani ya saa moja, kupotea njia aliyoipita miaka thelathini, kushindwa mapishi aliyokuwa akiyapika bila kufikiri, kutoelewa tena thamani ya noti, au tabia kugeuka. Kipimo kizuri ni shughuli: je, anashindwa sasa jambo aliloliweza mwaka jana, bila sababu ya mwili?

Usimfanyie mtihani nyumbani wa “leo tarehe ngapi, rais ni nani”. Unamdhalilisha na haupati jibu la maana. Hospitalini kuna vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu ambao hawakusoma. Kimoja, kiitwacho IDEA, kilipatikana kwa kazi iliyofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na nchini Nigeria. Mzee hukumbuka orodha ya maneno 10, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata umbo aliloonyeshwa. Hahitaji kalamu.

Daktari aombwe pia kuangalia vitu vinavyotibika vinavyofanana na demensia: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyozorota, sonona, VVU, kaswende, na damu iliyovuja taratibu chini ya fuvu baada ya kuanguka, hata kama alianguka wiki kadhaa zilizopita.

Amebadilika ndani ya siku mbili tatu. Ni upweke?

Hapana. Kuchanganyikiwa kwa ghafla, kuwa na usingizi mzito usio wa kawaida au kuhangaika usiku, kuona watu wasiokuwepo: hiyo ni dharura, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Sababu za kawaida ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, upungufu wa maji, choo kigumu cha siku nyingi, mkojo kuziba, au sukari kushuka kwa anayetumia dawa za kisukari. Mdomo ukipinda au mkono mmoja ukilegea, fikiria kiharusi na usisubiri hata saa moja.

Beba dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na zile za duka la dawa na za mitishamba. Dawa za mafua na aleji kama Piriton, amitriptyline ya maumivu ya neva na diazepam ya usingizi huvuruga akili ya mzee hata kwa dozi ambayo kijana angeimeza bila shida. Lakini usizikatishe mwenyewe kwa mkupuo, hasa diazepam. Kuiacha ghafla kuna hatari zake.

Masikio yanahusikaje?

Yanahusika kuliko watu wanavyofikiri. Mtu asiyesikia vizuri hutumia nguvu nyingi ya akili kubahatisha maneno, kwa hiyo hubaki na nguvu kidogo ya kuyashika. Akichoka kubahatisha, huitikia kwa kichwa. Akigundua kwamba ameitikia sivyo, huacha kwenda. Kwa macho ya wengine amekuwa mkimya, au “akili imechoka”.

Anza na nta. Ikijaa huziba kabisa, na kuiondoa ni kazi ya dakika chache kwenye zahanati yenye vifaa. Ukiambiwa uilainishe kwanza, matone mawili matatu ya mafuta ya zeituni, mara mbili kwa siku kwa siku kadhaa, yanatosha. Usiweke chochote kama sikio linatoa usaha au ngoma yake iliwahi kutoboka. Pamba za vijiti, njiti na pini za nywele usizitie sikioni: huisindika nta ndani.

Kama ni uzee wa sikio lenyewe, kifaa cha kusaidia kusikia ndicho jibu. Utafiti wa ACHIEVE wa Marekani, uliotolewa mwaka 2023, ulihusisha watu 977 wa miaka 70 hadi 84. Kwa ujumla wao kifaa hakikuonyesha tofauti ya akili katika miaka mitatu. Lakini kwa kundi lililokuwa na hatari kubwa zaidi tangu mwanzo, kuzorota kulipungua kwa asilimia 48.

Vifaa vingi huishia kabatini, na sababu zinajulikana. Siku ya kwanza mzee hupelekwa nacho harusini, kelele zinamvamia, anakivua na hakirudii. Anze nyumbani kwenye utulivu, saa moja au mbili kwa siku, aongeze taratibu. Ubongo unahitaji wiki kadhaa kuzoea. Kikipiga filimbi, ama hakijakaa vizuri sikioni ama kuna nta. Betri ndogo za mviringo zenye kibandiko huanza kufanya kazi kibandiko kikitolewa: ukishakibandua subiri kama dakika moja kabla ya kuitia, na usizibandue zote kwa pamoja kwa sababu zitaisha hata zisipotumika.

Na mwenye kusema ana wajibu wake. Zima televisheni. Kaa mbele yake, karibu, mwanga ukimulika uso wako. Mwite jina kwanza. Punguza kasi, usipige kelele, kwani kelele hupotosha maneno. Asipoelewa, sema kwa maneno mengine badala ya kurudia yaleyale.

Macho nayo yasisahaulike. Upasuaji wa mtoto wa jicho hufanywa kwa ganzi, chini ya saa moja, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake. Utafiti uliochapishwa Marekani kati ya watu zaidi ya 3,000 uliona kwamba waliotolewa mtoto wa jicho walipata demensia kwa kiwango kilicho chini kwa takriban asilimia 30 kuliko ambao hawakupasuliwa.

Niko mbali, napiga simu tu. Inasaidia?

Inasaidia ikiwa mazungumzo ni ya kweli. Marekani kulifanyika jaribio, I-CONECT, la watu 186 wenye miaka 75 na zaidi waliokuwa wamekosa watu. Kundi moja lao lilizungumza kwa simu ya video na watu waliofunzwa, dakika 30, mara nne kwa wiki kwa miezi sita, kisha mara mbili kwa wiki miezi sita mingine. Baada ya miezi sita ya mwanzo, vipimo vya akili vya kundi hilo vilikuwa vizuri kuliko vya wale waliopigiwa simu fupi ya dakika 10 mara moja kwa wiki.

Chukua kutoka hapo utaratibu huu. Chagua saa ileile na siku zilezile, ili awe na cha kungojea. Mara mbili kwa wiki kwa dakika 20 ni bora kuliko saa nzima kila mwezi. Zungumza na yeye peke yake. Simu inayozungushwa kwa watu sita sebuleni humpa mzee dakika moja ya “mnaendeleaje huko”. Kama ana kitochi, sauti inatosha. Kama kuna simu janja, iegemezwe juu ya kitu ilingane na uso wake, dirisha liwe mbele yake si mgongoni, na kuwe na mtu wa kuiwasha ambaye bando lake umelinunua wewe. Uwe na kitu cha kumwonyesha au kumuuliza: picha ya zamani, kitambaa, namna ya kukausha samaki, nani alikuwa nani katika ukoo. Omba ushauri wake, kisha simu ijayo mwambie uliufanyia nini.

Wiki ya mzee ipangwe vipi?

Hatuna dozi iliyothibitishwa, kwa hiyo tunasema tunachokiona kinawezekana. Kila siku apate angalau mazungumzo mamoja ya robo saa au zaidi, na mtu mmoja, juu ya jambo lisilo la mwili. Kila siku atembee nje, hata mpaka kwa jirani. Mara mbili kwa wiki awe na watu wa rika lake. Mara moja kwa wiki awe na wajibu ambao wengine wanautegemea: mweka hazina wa kikundi, mwalimu wa Kurani wa watoto wa mtaa, msomaji wa jumuiya, mshauri wa wanandoa.

Mahali pa rika pasipokuwepo, pajengwe. Lamu, Mombasa na Unguja nyumba za kale zina baraza za mawe mlangoni, na mzee akitoka tu yuko na watu. Nyumba mpya ina ukuta na geti. Benchi la mbao nje ya geti, chini ya kivuli, lenye egemeo na mahali pa kuweka mkono ili aweze kunyanyuka, ni matumizi mazuri ya pesa kuliko televisheni kubwa. Ongeza birika la kahawa na ubao wa bao. Bao la Kiswahili, mashimo 32 na kete 64, linadai kuhesabu na kuona mbele, lakini tusilifanye dawa: faida kubwa ni mpinzani na wanaotazama pembeni wakibishana.

Kuna tiba ya kikundi kwa ambaye tayari anasahau?

Ipo, na imejaribiwa kwetu. Tiba ya kuchangamsha akili ilianzia Uingereza, ikafanyiwa marekebisho kwa ajili ya Tanzania na Nigeria, na huko Hai wazee 34 wenye demensia ya kiwango kidogo au cha kati waliipata. Matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika uwezo wa akili na kupungua kwa wasiwasi. Utaratibu ni vikao 14, mara mbili kwa wiki kwa wiki saba. Mwongozaji bora ni aliyefunzwa, lakini kanuni zake zinaweza kutumiwa na kikundi chochote cha kanisa, msikiti au mtaa.

Watu watano hadi wanane, kama dakika 45, mahali palepale, wimbo uleule wa kufungulia. Kila kikao kina mada: vyakula, utotoni, pesa za zamani, sauti za wanyama, methali. Vitu vishikwe mkononi, si kuzungumzwa tu: mbuzi ya kukunia nazi, karafuu za kunusa, sarafu, khanga. Kanuni kubwa ni kuuliza maoni badala ya kumbukumbu. “Unakumbuka mwaka gani ulioa?” humfunga mdomo. “Unaonaje, mahari ya siku hizi ni ya haki?” halina jibu la makosa.

Methali hufanya kazi vizuri mno, kwa kuwa hukaa sana kichwani hata mengine yakiondoka. Anza, “Haba na haba…” na uache. Atakayejibu “hujaza kibaba” ameingia kikaoni. Halafu uliza kama ni kweli, na uwaache wabishane. Kosa la waongozaji wapya ni kujibu wenyewe kimya kikizidi sekunde tatu. Hesabu mpaka kumi moyoni.

Mama amefiwa na baba. Tuwe macho na nini?

Kipindi baada ya watu kuondoka. Matanga huwa na umati, na kwa Waislamu mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, wanawake wakimtembelea. Eda ikiisha au arobaini ikipita, nyumba hunyamaza kwa mara ya kwanza. Pangeni zamu ya kumtembelea kwa miezi sita inayofuata, kwa majina na siku, kabla ndugu hawajatawanyika msibani. Mjane aliyekosa usingizi, hamu ya kula na sababu ya kuamka kwa wiki kadhaa apelekwe kwa daktari kuangaliwa sonona. Kwa mzee sonona mara nyingi huonekana kama kusahau, na inatibika.

Tumlete mjini, au Ulaya, akae nasi?

Usifanye haraka. Kijijini anajua kila njia kwa miguu na kila mtu anajua jina lake; ghorofa ya tatu Nairobi, Muscat au Leicester ataanza upya akiwa na miaka 78, pengine kwa lugha asiyoijua. Mwenye demensia aliyehamishwa huweza kuonekana ameporomoka ghafla, kwa sababu nyumba ya zamani ilikuwa ikimkumbusha mambo mengi. Kwanza jaribuni kumwekea mtu kijijini. Ikibidi kuhama, aje kwa wiki kadhaa kabla ya uamuzi, aje na kitanda au kiti chake inapowezekana, na mtafute wasemaji wa lugha yake kabla hajafika. Wazee wenye demensia mara nyingi hupoteza lugha waliyojifunza ukubwani na kubaki na ya utotoni, hivyo msaidizi anayesema Kiswahili, au Kisambaa, au Kikamba, ana thamani kuliko mwenye vyeti asiyeelewana naye.

Bibi anasahau, na majirani wameanza kumwita mchawi. Tufanyeje?

Lichukulieni kama hatari ya maisha. Kanda ya Ziwa nchini Tanzania na maeneo ya pwani ya Kenya, wazee wamewahi kuuawa kwa tuhuma hizo. Kuzurura usiku, kuzungumza peke yake, kuingia uwanja wa watu ni dalili za demensia. Macho mekundu ni ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng’ombe wa miaka mingi jikoni. Waambieni majirani mapema, wazi, kwamba ni mgonjwa, mkiwa na mhudumu wa afya na kiongozi wa kijiji au mtaa. Asilale peke yake. Vitisho viripotiwe polisi na ustawi wa jamii. Familia inayomficha ndani kwa aibu humkosesha watu na huongeza uvumi.

Kuna msaada wa serikali?

Zanzibar ina pensheni jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi tangu 2016. Kenya ina Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kuanzia miaka 70. Uganda hulipa shilingi 25,000 kwa mwezi kuanzia miaka 80. Tanzania Bara, ulizia dirisha la wazee hospitalini na matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza, kupitia ofisi ya ustawi wa jamii. Pale malipo yanapotolewa kwa mkono, nenda naye badala ya kumchukulia. Hukohuko atakutana na wenzake.

Akirudi kwa watu, akili itarudi?

Kama tatizo lilikuwa upweke, sonona au masikio, nafuu huweza kuonekana ndani ya miezi. Kama ni demensia, haitaondoka. Lengo ni kwenda polepole na kuishi vizuri zaidi. Asiyekumbuka kwamba ulimtembelea bado hubaki na utulivu uliomwachia, kwa hiyo usiache. Usimuulize “mimi ni nani?” Jitaje: “Shikamoo bibi, mimi Asha, binti wa Juma.” Kisha kaa.

Ninayemtunza ni mimi peke yangu, na nimeanza kuzeeka nami.

Basi wewe pia umo hatarini. Anayemtunza mwenye demensia huacha chama, huacha kanisa, huacha marafiki, na huenda akajaza lile dodoso la maswali sita kwa alama za chini kuliko mgonjwa wake. Ita kikao cha ndugu na uje na karatasi: kazi za wiki, saa zake, gharama zake. Usiombe “msaada”, gawa zamu. Mmoja alale huko Jumamosi, mmoja alipie dada wa kazi, aliye ughaibuni achukue simu za Jumatatu na Alhamisi. Wewe uwe na nusu siku moja kila wiki isiyoguswa, na uitumie kwa watu, si kwa kufua. Kenya kuna Alzheimer’s and Dementia Organisation Kenya inayounganisha familia zenye hali hiyo. Kama uko kwingine, mwombe muuguzi wa kliniki akuunganishe na familia nyingine mbili zinazouguza, mbadilishane namba.